Chai ya Saa Kumi Niliyoinywa Nimekaa

Wangeci, binti wa ndugu yangu, anasomea kazi ya hoteli hapa Nyeri mjini, na mwalimu wao amemtuma aniombe niwaandikie ninyi wenzake machache kuhusu kazi ya weita. Nimekubali. Lakini mjue mapema kwamba haya naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Nikikaa mezani naanza kuona makombo. Nikiona makombo nachukua kitambaa, na nikishachukua kitambaa, kuandika kumeisha, nitakuwa nimefuta meza, kabati na dirisha kabla sijakumbuka nilikuwa nasema nini.

Nilikuwa nasema nini? Kazi. Nilifanya kazi karibu maisha yangu yote ya utu uzima katika hoteli moja kubwa iliyo kilimani nje ya mji, ile aina ya hoteli yenye nyasi zilizonyolewa na veranda inayotazama Mlima. Nilianza kwa kubeba vyombo vichafu, nikamaliza nikiwa mkubwa wa maweita. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa chai ya saa kumi. Mchana mgeni ana njaa, hakuoni. Usiku amechoka, au amekunywa, au anagombana na mkewe polepole ili meza ya pili wasisikie. Lakini saa kumi ametoka safarini, ameoga, ameketi, hana haraka na mtu. Hapo ndipo inajulikana nani ni weita na nani anabeba trei tu.

Wacha niwaambie nilivyoanza vibaya. Wiki ya kwanza nilitumwa chai na mzungu mmoja na mkewe, na mpishi alikuwa ametoka nje. Nikajiambia, chai ni kitu gani? Nani hajui chai? Nikaweka maji na maziwa kwenye sufuria, nikatia majani, nikatia sukari ya kutosha watu wa maana, nikaacha ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Nikaichuja kwenye birika linalong'aa, nikaipeleka. Vikombe nikavijaza mpaka visahani vikapata chake, maana kwetu kikombe kisichojaa ni kumwambia mgeni aende mapema. Yule mzungu akaonja, akamtazama mkewe. Mkewe akaonja, akaniambia kwa upole sana kwamba supu ni nzuri, ila wao waliagiza chai.

Mkubwa wetu siku hizo alikuwa Mzee Kabugi, mtu wa Murang'a, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo ilikuwa inatutisha kuliko kelele. Hakunifokea. Alinipeleka nyuma ya jikoni, akanisimamisha kando ya mapipa, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Kwenu chai inapikwa. Hapa chai inaulizwa."

Akanieleza. Nyumbani sufuria ndiyo inaamua. Mama anatia maziwa, anatia sukari, na baba, watoto, mgeni na jirani wote wanakunywa ileile, na hakuna anayeuliza mwenzake unapenda vipi. Kama ni strungi, yaani chai isiyo na maziwa, ujue ng'ombe amekauka au mwenye nyumba anaona haya, na anakuomba msamaha kabla hujaketi. Lakini hotelini, alisema Kabugi, kila kikombe kina mwenyewe. Maziwa kando, sukari kando, maji ya moto kando, na wewe kazi yako ni kuuliza mara moja tu. Ukimuuliza mgeni mara ya pili, hukuwa unasikiliza.

Nikawa wa kuuliza mara moja. Nawaambia bila kujisifu, sawa, nikijisifu kidogo, kwamba nilikuwa najua chai ya kila mgeni aliyewahi kurudi. Kulikuwa na mama mmoja wa Kagio, mfanyabiashara wa nyanya, akipita kwenda kuona wateja wake Nanyuki lazima asimame kwetu: tangawizi, maziwa baridi, kikombe kizito, siyo hivi vyembamba, alikuwa anasema vinamfanya aogope mkono wake mwenyewe. Kulikuwa na kasisi aliyekuwa anataka sukari nne lakini hataki kuonekana akizitia. Nilikuwa nazitia jikoni, namletea kikombe kimetulia, naye anatangaza mbele ya wenzake kwamba yeye hatumii sukari. Hao wote nawakumbuka. Mkiniamsha usingizini nitawatajia.

Ninyi siku hizi mnaandika kwenye simu, inakwenda jikoni yenyewe. Sisemi ni vibaya. Hata majani mmefungiwa kwenye vifuko vyenye kamba, na mgeni akiletewa ile sahani ya ghorofa tatu anaipiga picha kwanza, keki inakauka hapo akitafuta mwanga. Sawa, dunia inaenda. Lakini maji hayajabadilika, na hili mwalimu wenu asipowaambia mniulize mimi: maji ya huku kwetu juu huchemka kabla hayajapata moto wake wote. Nyeri ni hivyo, Nanyuki zaidi. Kwa hiyo birika lipashe moto kwanza kwa maji ya kumwaga, ndipo utie majani, ufunike na kofia yake ama kitambaa kizito, na uache kwa muda kuliko watu wa mabondeni wanavyoacha. Usipofanya hivyo utampa mgeni maji yenye rangi, kisha useme ati majani ni mabaya.

Jambo lingine ni masikio. Kabugi alitukataza kukodolea wageni macho. Alikuwa anatusimamisha tukielekea ukuta, halafu anatuuliza meza gani imemaliza. Mgeni anayekunywa, kijiko chake kiko kikombeni au kinagonga gonga. Akimaliza, kijiko kinalala kwenye kisahani, na kile kisauti chake, ting, hakifanani na kingine. Ukikisikia unasogea. Usikimbie, sogea. Nilijifunza mpaka nikawa naisikia ting hiyo katikati ya harusi.

Na hakuna kukaa. Weita hakai pale wageni wanapoweza kumwona, na kwa kuwa wageni wanaweza kutokea popote, weita hakai kabisa. Tulikuwa tunakula tumesimama kwenye kona ya jikoni, sahani kifuani. Miguu inazoea. Kichwa pia kinazoea, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia, maana hakuna aliyeniambia kwamba siku moja ningerudishwa nyumbani na mwili huo huo.

Nilipostaafu nilidhani nitapumzika. Thubutu. Alfajiri niko jikoni kwa mke wangu, napanga vikombe vishikio vyote vikitazama upande mmoja. Namwambia kitambaa cha kufutia glasi si cha kufutia sufuria. Akileta chakula, nasimama nyuma ya kiti chake, hata mimi sijui kwa nini, nasimama tu. Siku moja tulikuwa tunakula, yaani yeye anakula, simu yake ikalia. Akaweka kijiko chini akaenda kuijibu nje. Mimi nikasikia ting. Aliporudi, sahani yake ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, iko kabatini, na chakula chake ng'ombe anamalizia.

Hakunigombeza. Mke wangu, Mama Nyawira, ni mtu wa maneno akiwa na furaha. Akinyamaza, ujue mambo ni mabaya. Alinyamaza siku kadhaa.

Kisha binti yetu Nyawira, aliyeolewa Meru, akajifungua, na mama yake akasema anaenda kumsaidia kama kawaida ya akina mama. Vizuri. Nikamsaidia kupanga begi, na hapo nikaona kitu. Alikuwa ametia sweta zake zote mbili za baridi. Chini ya sweta alikuwa ametia kitambaa cha kichwa na gauni la akina mama wa kanisa, sare yake ya Jumapili. Jamani, mwanamke anayeenda wiki mbili habebi sare ya kanisa. Hiyo inabebwa na mtu anayeenda kutafuta kanisa lingine.

Nikamuuliza anarudi lini. Akasema ataona. Nikamuuliza ataona nini. Akasema ataona tu, na akafunga zipu.

Niliogopa. Wacha niseme wazi, maana kuna wanaume watakaosoma haya wajidai hawajui ninachosema. Niliogopa ile nyumba ikiwa na mimi peke yangu nikipanga vikombe. Nikamwambia naenda naye. Akakataa: mkwe wetu, Murithi, alikuwa anakuja Timau na gari lake kuchukua viazi, angeshuka mpaka Nanyuki kumchukua, na yeye mke wangu alikuwa ameshamwambia anakwenda peke yake. Nikasema basi nimsindikize mpaka Nanyuki. Akafikiri sana, akakaa juu ya begi.

"Nanyuki iko hoteli," akasema. "Nasikia habari ya chai ya saa kumi tangu unioe, na sijawahi kuinywa na wewe. Leo tutakunywa. Wewe utakaa kwa kiti kama mtu. Ukisimama kabla hiyo chai haijaisha, utarudi Nyeri, mimi niende zangu Meru, na usiniulize narudi lini."

"Na nisiposimama?"

"Tutaongea."

Basi tukatoka. Nilivaa koti na tai. Njiani sikusema mengi, na tulipopita Chaka, ambako harufu ya nyama choma huwa inanifungua mdomo, mke wangu alinikuta nikifuta kioo cha gari la wenyewe kwa leso yangu. Akaichukua leso, akaitia kwenye mkoba wake. Sasa sikuwa na silaha.

Ile hoteli ya Nanyuki ina veranda nzuri, nzuri kuliko yetu, nilikiri moyoni. Mlima ulikuwa umejifunika, kama kawaida yake saa hiyo. Tukapewa meza ya wawili karibu na nguzo, nikavuta kiti cha mke wangu akakaa, kisha nikabaki nimekishika kiti chake kwa nyuma. Akageuka kunitazama. Nikazunguka, nikakaa.

Vijana, sijui kama mmewahi kumwona mbwa aliyeambiwa atulie huku kuku wanapita. Meza yetu ilikuwa inayumba. Mguu mmoja mfupi, kitu cha kukunja karatasi tu uweke chini. Nikaukanyaga kwa kiatu nikaushikilia hivyo. Kwenye meza ya kulia kulikuwa na wazee wawili wa kizungu, kijiko kikalala, ting, hakuna aliyekuja. Nyuma yangu, ting. Kijana mmoja akapita na trei akiwa ameishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama anabeba mtoto wa mtu. Jasho likanitoka mgongoni. Mke wangu alikuwa anaangalia maua.

Akaja msichana wa kutuhudumia, Makena, jina lilikuwa kifuani pake. Alikuwa mpole na alikuwa mgeni kwenye kazi, nilijua kwa viatu, havijaanza kulala upande. Akatusalimu vizuri, shikamoo mzee, shikamoo mama, kisha akauliza lile swali ambalo nimeuliza watu maisha yangu yote: chai yetu tungependa vipi.

Nilimjibu kabla hajafunga mdomo. "Mimi ya maziwa, ikolee, sukari moja. Mama, maziwa mengi, sukari mbili."

Mke wangu akaweka mkoba chini.

"Mimi niletee strungi," akamwambia Makena. "Na usitie sukari."

Nikacheka. Nikamwambia Makena mama anatania, alete kama nilivyosema. Makena akatutazama, mmoja, mwingine, kalamu juu.

"Sitanii," mke wangu akasema, na sasa alikuwa ananiambia mimi. "Maziwa kwa chai sijawahi kupenda. Tangu nikiwa msichana. Inanikaa kwa koo."

Makena akaandika, akaondoka haraka, akili anayo. Nikamuuliza mke wangu, na ile chai anayopika kila siku, asubuhi na jioni, miaka hii yote, ni ya nani.

"Hiyo ni ya nyumba," akasema. "Ningepika strungi, mama yako angesema nini? Si angesema nimeua ng'ombe? Majirani nao wangesema umeshindwa na bibi. Nikapika ya maziwa, nikakunywa. Mtu anazoea."

"Lakini si ungeniambia."

"Wewe ndio kazi yako ilikuwa kuuliza watu."

Alisema hivyo bila hasira, na ndiyo sababu iliniuma. Nilimfikiria mama wa Kagio na kikombe chake kizito. Nilimfikiria kasisi na sukari zake nne. Wageni waliopita mara mbili kwa mwaka nilikuwa nawajua mpaka kijiko, na mwanamke aliyenizalia watoto sikujua anapenda chai gani, kwa kuwa kila siku tulikuwa tunakunywa kutoka sufuria moja. Niliona aibu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto, na mguu ukateleza kutoka kwenye ule mguu wa meza, ikayumba, wala sikujali.

Kisha akaniambia lililobaki, akichezea pete yake. Alisema siku nilizokuwa zamu, watoto wakiwa shuleni, alikuwa akiweka kisufuria kidogo motoni, strungi ya mtu mmoja, halafu anatoa kigoda nyuma ya jikoni na kuinywa polepole akitazama migomba.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Saa kumi," akasema. "Si ndiyo saa yenu? Nilijua na wewe uko kwa chai huko. Nilikuwa naona ni kama tunakunywa pamoja."

Vijiko vya veranda nzima vilikuwa vinalala, nadhani, maana watu walikuwa wanaitaita, lakini nawaapia sikusikia hata kimoja.

Chai ikaja. Mabirika mawili madogo, na lake halikuwa limepashwa moto, nilijua kwa kuligusa tu. Nikachukua kitambaa changu cha mapajani nikalifunika. Nikamuuliza, na sauti yangu ilitoka ya ajabu, kama ya kijana anayeanza kazi: alitaka ikolee ama iwe nyepesi?

"Ikolee," akasema. "Iwe kali ya kuamsha mtu."

Tukangoja. Kungoja chai umekaa ni kazi ngumu kuliko kuibeba, sikujua. Akaonja sandiwichi ya tango, akaifungua akaangalia ndani, akaifunga. Akaniuliza kama hii ndiyo nilikuwa navalia tai kila siku. Nikamwambia ndiyo hiyo. Akasema siri hii nimeitunza vizuri kama ya serikali. Basi tukacheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu ile sahani. Nikammiminia. Akanywa akiwa amefumba macho kidogo, na nikamwangalia akinywa mpaka mwisho, kitu ambacho sijawahi kufanya, maana mtu akinywa mimi huwa natazama kikombe.

Kikombe cha pili kilikuwa kikali mno, majani yalikuwa yamekaa. Kilitaka maji ya moto, na Makena alikuwa mbali, amezingirwa na kundi la wageni waliotaka awapige picha na sahani zao. Nikashika kiti kwa mikono yote miwili. Mke wangu akanitazama juu ya kikombe.

"Unataka kusimama."

"Hapana."

"Miguu yako inacheza chini ya meza, chai yangu inatetemeka." Akaweka kikombe. Kijiko kikalala, ting. Wote wawili tukakisikia. Nikaona mdomo wake unajizuia kucheka. "Haya. Simama. Niletee maji ya moto. Lakini urudi."

Nilisimama kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nikapita meza chafu bila kuigusa, Mungu shahidi wangu. Nikapita wale wazee wa kizungu, mmoja akaona koti langu na tai yangu, akainua mkono kuniita, anataka bili. Mkono wangu ulianza kwenda mgongoni kama zamani, kichwa kikaanza kuinama. Nikajizuia. Nikamwambia samahani, nimetumwa na mgeni wangu, na nikaendelea. Jikoni walishtuka kuniona mlangoni, mzee mwenye tai akiomba jagi. Nikalipasha kwanza, nikamwaga, nikajaza maji yanayochemka, nikarudi nalo mkono mmoja, mgongo umenyooka. Nilipofika nikammiminia kidogo kidogo mpaka aliponiambia inatosha. Kisha nikakaa. Nilikaa mpaka mabirika yote mawili yakaisha, na keki, na mazungumzo ambayo hayawahusu.

Jua lilikuwa linashuka Murithi alipokuja. Ni kijana mzuri, mwenye heshima, alinisalimu akiwa ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Tukaenda hadi kwenye gari lake. Lilikuwa limejaa. Viazi vilikuwa nyuma mpaka juu, na kwenye kiti cha nyuma magunia yalikuwa yamepangwa kutoka mlango hadi mlango, ikabaki nafasi ya mtu mmoja tu, mbele, kando ya dereva.

Murithi akaona haya. Alisema alikuwa ameambiwa ni mama peke yake, hakujua na mzee anakuja. Nikamwambia asijali, mimi narudi Nyeri, nilikuwa nasindikiza tu. Nilisema hivyo haraka, kwa sababu tulikuwa tumeambiana tutaongea, tukaongea mengi, na hilo moja la kurudi kwake hatukuligusa. Nikanyoosha mkono kumfungulia mke wangu mlango wa mbele.

Hakuingia. Alisimama akitazama yale magunia, begi lake kubwa lenye sare ya kanisa likiwa miguuni pake.

"Murithi," akasema, "toa hayo ya kiti cha nyuma, upange mbele pale pako wazi, yanayobaki yafunge juu. Mzee anakaa na mimi."

Murithi akaanza kutoa. Nikasogea kumshikia gunia, mikono ikaenda yenyewe, nikawa nimeshaliinua nusu. Nyuma yangu mke wangu akasema, bila kupaza sauti, "Baba Nyawira." Nikaliweka chini. Nikangoja nafasi itoke, nikaingia nyuma, naye akaingia kando yangu, akatoa leso yangu kwenye mkoba akanirudishia. Nikaitia mfukoni bila kufuta kitu, nikakaa hivyo hadi Meru.